Kilo Sita za Uongo

Siku za soko mjini Koboko, Zam alimsaidia mama yake kuuza maharage. Alikuwa na miaka kumi na mbili, na ujanja wa kuudhi wa mtoto aliyezoea kusifiwa. Gunia la kilo arobaini alilitaja hamsini bila kupepesa macho. Mnunuzi, akiijua desturi, alikata kumi, wakaelewana. Basi Zam akaamini dunia nzima iko hivyo, na asiyeongeza ni mjinga.

Wiki moja mdogo wake Aziz alibanwa na pumu. Kliniki ya Koboko ilimpima, ikakuta ana kilo kumi na mbili, ikampeleka hospitali moja ya Arua. Zam aliingia wodini amebetua midomo. Kwake, watu wa Arua walikuwa wabahili wenye kujivuna tu. Mama alipotoka kutafuta chai, sista Ritah alikuja na pampu ndogo ya kusukuma dawa mshipani.

"Mizani yetu iko wodi ingine," alisema. "Kule Koboko walipima mtoto?"

"Ndiyo, sista."

"Iko kilo ngapi?"

Zam alimtazama toka juu hadi chini. Huyu naye, aliwaza, ukimwambia kumi na mbili atatoa dawa ya kilo nane.

"Kumi na nane," akajibu.

Ritah alipiga hesabu kwa sauti. "Kila kilo inataka miligramu moja kwa saa. Kilo kumi na nane, miligramu kumi na nane. Ndani ya chupa, mililita moja iko na miligramu mbili. Basi pampu isukume mililita tisa kwa saa."

Akaweka tisa. Zam alingoja apunguze, lakini hakupunguza. Njia ya mwongo ni fupi, na kidole cha Ritah kilikuwa tayari kinaelekea kitufe cha kuwashia. Aziz alihema kwa taabu. Hapo hofu ikamshika Zam.

"Sista, hupunguzi?"

"Nipunguze nini?"

"Kilo. Niliongeza sita. Nilijua utakata."

Ritah aliondoa kidole. Alimtazama kama mtu anavyotazama maharage yaliyooza.

"Mtoto hapumui vizuri, na wewe uko unapatana bei na mimi?"

Alikwenda mwenyewe kuchukua mizani. Aziz akapimwa: kumi na mbili. Tisa ikafutwa, ikawekwa sita, na pampu ikaanza kazi yake polepole. Zam alilia, na hakuna aliyembembeleza. Machozi ya mjanja aliyenaswa ni ya bei rahisi.

Mama aliporudi, Ritah alimweleza yote. "Dawa hii ikizidi, moyo unakimbia, mtoto anatapika, anashikwa degedege, anaweza kufa. Pampu haijui uongo. Ukiipa namba, inasukuma namba hiyo hiyo."

Mama aliona haya, kwani ujanja ule ulitoka kwake. Jioni, pumzi ya Aziz ilipotulia, alimwita Zam karibu na kitanda.

"Mwanangu, nimekufundisha vibaya. Habari ya mgonjwa useme ulivyoiona, na usipojua, sema hujui. Sokoni uongo wako ulikuwa na mtu wa kuupunguza. Hapa ungeingia wote mwilini mwa Aziz."