Tekla Akataa Kunyolewa

Kila asubuhi Tekla na wifi yake Kandida walitwanga mpunga pamoja. Kinu kilikuwa kimoja, michi miwili. Mmoja alipopiga, mwingine aliinua. Watu wa kijiji cha Mbingu walizoea mlio huo kabla ya jua kuchomoza.

Asubuhi moja Kandida aliuweka mchi wake chini, kazi ikiwa bado nusu.

"Sitatwanga nawe tena," alisema.

"Wifi, nimekosa nini?"

"Kamuulize Raimundi kaburini."

Raimundi alikuwa mtoto pekee wa Kandida, mwenye miaka sita. Majuma mawili yalikuwa yamepita tangu afe kwa homa. Alipougua, mama yake alikuwa shamba la mbali, akilinda mpunga usiliwe na ndege. Mtoto aliachwa kwa Tekla.

"Ukoo umekaa," Kandida alisema. "Wewe huna mtoto, ulinionea wivu kwa mtoto wangu. Jumamosi utapelekwa ng'ambo ya mto ukanyolewe."

Ng'ambo alikuwapo mganga. Watu walioitwa wachawi walipelekwa kwake. Aliwanyoa nywele zote, akawanywesha dawa, ati uchawi uwatoke.

Tekla alimwendea mumewe Wendelin, kaka yake Kandida. Alikuwa akitia jembe mpini.

"Umesikia maneno ya ukoo?"

"Nilikuwapo. Kaka Nikodemu ndiye aliyesema."

"Na wewe ulisema nini?"

Wendelin aligonga mpini chini. "Nenda tu, yaishe. Nywele huota tena."

"Na jina langu, nalo litaota tena?"

Wendelin aligonga mpini tena.

Jumapili Tekla hakwenda kanisani. Rozari aliitundika msumarini. Sala ya jioni, ambayo yeye ndiye aliyeiongoza kila siku, ikakoma.

Jumatano alikuja Emerensiana, binti wa jirani. Alikuwa muuguzi katika zahanati, mwendo wa nusu siku kutoka Mbingu, naye alikuwa likizoni kwa wazazi wake tangu juma lililopita.

"Shikamoo, dada. Sikukuona kanisani Jumapili."

"Marahaba. Hutaniona. Nilimpakata mtoto yule nikisali, akafa. Sasa watu ninaopiga nao magoti wananiita mchawi. Mungu anatazama tu."

Emerensiana alikaa kwenye kigoda.

"Hata mimi nina hasira," alisema. "Walimzika mtoto kwa sala za Kanisa. Hata matanga hayajaisha, wakaanza kutafuta mchawi. Raimundi aliuawa na malaria, dada. Ugonjwa huo huletwa na mbu. Mtoto akipata homa kali apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Wewe ulimleta siku ya tatu, mgongoni. Midomo yake ilikuwa imeshakuwa myeupe, damu imekwisha. Mimi ndiye niliyempokea."

"Basi nisali kwa nini?"

"Haya uliyoniambia, umemwambia Mungu?"

"Mtu hamgombezi Mungu."

"Bwana Yesu msalabani aliuliza kwa nini ameachwa. Hakutafuta maneno mazuri. Kuvunjika moyo si aibu ya kumficha Mungu. Tunapomnunia, moyo unakauka. Mwambie yote, hata ya hasira. Na usikubali kunyolewa. Ukikubali, umekiri uongo. Jumamosi nitasimama nawe."

Jioni Tekla alipiga magoti. Wendelin alikuwa mlangoni akinawa miguu.

"Mungu, nimechoka," Tekla alisali kwa sauti. "Nimekukasirikia. Wewe unajua niliomba baiskeli mara mbili nimpeleke mtoto, nikanyimwa. Nimeifunika aibu ya mume wangu, naye ananitoa kwa mganga. Kama upo, usininyamazie kama yeye."

Akasali Baba Yetu mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aitundike rozari. Wendelin hakuinua macho. Maji yalikuwa yamekwisha, naye bado alisugua miguu.

Jumamosi ukoo ulikusanyika uani. Emerensiana alikuja, akasimama karibu na Tekla.

"Shemeji, twende," alisema Nikodemu, mkubwa wa ukoo. "Mtumbwi unangoja."

"Siendi, shemeji. Mimi si mchawi. Mkitaka, nibebeni."

"Tumbo halina mtoto, mdomo umejaa maneno," mwanamke mmoja alisema. Wengine wakacheka.

"Wendelin," Nikodemu aliita, "mwambie mkeo."

Wendelin alisimama. Alianza kusema, akakohoa, akaanza tena.

"Haendi. Siku ya kwanza ya homa Tekla aliniomba baiskeli ampeleke Raimundi zahanati. Nilikataa. Nilisema ni homa tu, nina magunia ya kubeba. Siku ya pili aliniomba tena. Nikakataa tena. Siku ya tatu alimbeba mgongoni."

Hakuna aliyecheka sasa. Kandida alimsogelea kaka yake.

"Ulijua hayo, kaka? Ukaniacha nimchukie huyu?"

"Nilijua."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Wendelin alimtazama mkewe, siyo dada yake.

"Niliona afadhali mumseme yeye kuliko mniseme mimi."