Maundu Aliyesema Hataki

Ngazi nne za josho la ng'ombe zilikuwa bado chini ya maji, na Inspekta Tryphena Katuku aliendelea kuvuta ndoo pamoja na konstebo wawili. Dawa ya kupe iliwachoma macho. Asubuhi hiyo mwili wa Maundu, mlinzi wa ranchi hii ya Ndara, ulikuwa umeopolewa humo. Kisogoni palikuwa na jeraha fupi, lenye kona. Kufuli ya lango la nyuma haikuonekana.

Msimamizi wa ranchi, Obadiah Mwangangi, alikuwa ameshaandikisha maelezo. Jioni ya jana yake alimwomba Maundu alifungulie lori lango la nyuma. Maundu akajibu hawezi, kichwa kinamuuma, labda kesho. Msimamizi akaenda zake. Huenda kizunguzungu ndicho kilichomwangusha joshoni.

Katuku hakubisha. Aliosha mikono, akaenda Kaloleni kwa mjane, Kaveke, akamsomea maelezo hayo polepole. Majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba marehemu alikuwa amelewa.

"Afande, huyo si Maundu," alisema Kaveke. "Sisi wote husema hatuwezi. Husema kesho. Yeye, mamangu alipotaka kumwongezea sahani ya muthokoi, alimwambia, 'Sitaki, mama, asante.' Mamangu alinuna mwaka mzima."

Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho. Aliomba jambo moja tu: mumewe asizikwe kama mlevi.

Njiani Katuku hakutulia. Neno moja si ushahidi. Lakini kwa nini lori lipite nyuma?

Alimpata dereva wa lori hilo, Nzau, mjini Voi. Nzau alikana, akakuna shingo, kisha akaeleza. Alikwenda kubeba ng'ombe tisa wa ranchi bila kibali. Mlinzi alisema hataki, wapakiaji wakacheka, lori likaondoka tupu. Mlinzi na msimamizi walibaki wawili, langoni.

Kituoni, Katuku alimuuliza Mwangangi kwa sauti ya chini.

"Maundu alikujibuje?"

"Nimeshakwambia. Hawezi."

"Nzau anasema alijibu hataki."

Mwangangi alivua kofia, akaiweka mezani.

"Angesema anaumwa, ningemwelewa. Nilimpa nafasi. Nikamuuliza, huwezi ama? Akasema, 'Naweza. Sitaki.' Vijana wakanicheka. Mimi, msimamizi wa miaka kumi na minane."

"Kisha?"

"Lori lilipoondoka, nikamnyang'anya kufuli nifunge mwenyewe. Akanipa mgongo. Nikampiga nayo. Nikamburuta."

"Kufuli iko wapi?"

"Joshoni."

Akainamisha kichwa. "Afande, huwezi kuandika kwamba aliteleza? Kufuli useme haikupatikana."

Jibu la kila siku lilikuwa tayari mdomoni mwa Katuku: siwezi, sheria hairuhusu. Alilimeza.

"Naweza," alisema. "Sitaki."

Maungamo yangerudiwa kesho mbele ya afisa mwingine na mtu ambaye Mwangangi angemchagua, kama sheria inavyotaka. Katuku alifunga faili, akampigia simu konstebo aliyekuwa Ndara. Zile ngazi nne zilikuwa bado chini ya maji. Akamwambia ndoo ziwe tayari saa moja asubuhi.