Bidoni Mbili Tupu

Kila asubuhi Faida alibeba bidoni, dumu lake la manjano la maji, akashuka kisimani pamoja na wasichana wengine wa mtaa wa Rwambuzi, Bunia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba ya bibi yake, Koko Vahwere, ilijaa hadi barazani: watu kumi na tisa, wengi wao wakimbizi wa vita kutoka Djugu na Kpandroma. Humo ndani hata chafya ilikuwa na mashahidi.

Siku hiyo habari ilikuwa moja tu: baba mdogo wa Faida, Tonton Zacharie, anarudi! Vita vilipoingia Bunia alikimbilia Butembo, na mke wake Hortense, mama mdogo wa Faida, akabaki nyuma. Mwaka mzima ulikuwa umepita.

"Hortense, leo mutapewa chumba chenye mlango!" alisema Mama Espérance wa Kpandroma, huku akitwanga majani ya sombe. "Siye wengine tutabanana sebuleni, na tutakohoa kwa adabu."

Wanawake wakacheka. Hortense hakucheka, na Faida peke yake alijua kwa nini. Wakati ule wa vita mwanamke hakutembea peke yake, kwa hiyo Faida ndiye aliyemsindikiza kituo cha afya. Alimwona Hortense akitoka na karatasi na kuketi majanini. "Damu yangu iko na virusi vya UKIMWI," alimwambia. "Usimwambie mtu." Na Faida, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa, aliufunga.

Mchana Zacharie akashuka kwenye lori, vumbi hadi kwenye nyusi. Baada ya salamu alimvuta Faida kando. "Mutoto, mama yako mudogo amekonda. Aliugua?"

Faida akawaza. Kusema ni kuiba siri. Kukana ni kudanganya. "Tonton, umuulize mwenyewe."

Kisha akakimbilia jikoni. "Mama mudogo, ameniuliza. Sikusema, lakini sitadanganya. Muuguzi alisema aambiwe kabla hamujaishi tena kama mume na mke."

"Na akinifukuza, nitakwenda wapi na vita hii?" Machozi yalimtiririka Hortense. "Tena nitamwambia wapi? Mbele ya masikio yote haya?"

Faida akatazama bidoni mbili ukutani. "Kisimani. Saa hizi hakuna watu."

Hortense akamwomba Zacharie amsindikize kuchota maji, naye akabeba bidoni zote mbili. Mwanaume, kisimani! Mama Espérance alipiga kigelegele. "Weye Zacharie! Butembo walikufundisha kazi ya wasichana?"

"Walinifundisha, mama," alijibu, akamfuata mke wake.

Faida alingoja. Fufu ikapoa. Je, mama mdogo akirudi peke yake?

Walirudi wote wawili. Macho ya Zacharie yalikuwa mekundu, na bidoni zilikuwa tupu.

"Maji iko wapi?" Mama Espérance akauliza. "Mumeyanywa njiani?"

"Tumesahau," Zacharie akajibu.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Zacharie akachuchumaa karibu na Faida. "Nimekasirika, nimelia pia," alinong'ona. "Ningesikia kwa mtu mwingine, ningeondoka. Lakini ameniambia mwenyewe, akinitazama machoni. Kesho utusindikize, nami nipimwe."

Kesho yake, katika kituo cha afya, damu ya Zacharie haikuonekana kuwa na virusi. Muuguzi, Mama Adèle, aliwaeleza namna ya kujikinga, akamwambia Zacharie arudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu.

"Msitafute mkosaji," alisema. "Virusi haviachi jina mlangoni. Dawa zimeanza kufika, na Hortense ataishi. Siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa. Jirani hana haki nayo. Lakini mwenzi wako lazima ajue, maana uhai wake nao umo ndani ya siri hiyo. Hortense, ukweli wako umemkinga mume wako, na umekupatia mtu wa kukusindikiza." Kisha akamgeukia Faida. "Nawe binti, umeitunza siri bila kusema uongo. Wakubwa wengi hawajui kazi hiyo."

Jioni Zacharie alibeba tena bidoni mbili, akashuka kisimani na mke wake. Mama Espérance alikwisha kupanua kinywa kwa mzaha mwingine. Lakini safari hii zilirudi zimejaa, naye akaleta sufuria yake ijazwe.