Kengele ya Baldrik

Majani yalipoanza kupukutika, Rotlind alikunywa uji wake wa shayiri kwa haraka kila asubuhi, akachukua fimbo na kuwapeleka nguruwe wa baba yake msituni kula mbegu za mialoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliijua kuliko kaka zake wote. Hakuchoka kuwakumbusha jambo hilo.

Siku moja aliokota kengele ya shaba kwenye majani makavu. Aliitambua mara moja. Ilikuwa ya jirani yao Baldrik, na ilivaliwa na nguruwe jike aliyewaongoza wenzake. Ukanda wake ulikuwa umekatika. Rotlind aliitikisa, akaipenda sauti yake, akaufunga ukanda fundo, akamvalisha nguruwe wake mwenyewe. Alijiambia kwamba angeirudisha jioni.

Lakini bila kengele, nguruwe wa Baldrik walitawanyika kwenye ukungu, na wawili wakapotea kabisa. Baldrik alirudi kijijini akifoka.

"Mwizi wa kengele ni mwizi wa nguruwe! Nikimpata, atanitambua!"

Rotlind aliogopa. Akaijaza kengele sufu ili isilie, akaificha nyuma ya magunia ya shayiri.

Lawama zilimwangukia Hathumar, mchoma mkaa wa msitu ule. Alikuwa Msaksoni. Baada ya Wafranki kuwashinda Wasaksoni vitani, mfalme wao alikuwa amemhamisha kutoka kwao akamleta kuishi kati ya Wafranki, na mpaka wakati huo matamshi yake yaliwachekesha watoto.

"Ukishikana mkono na Msaksoni, hesabu vidole vyako," Baldrik aliwaambia watu kisimani, nao wakacheka.

Wafranki walikuwa na desturi yao. Mtu akishtakiwa, aliapa kwamba hana hatia, na ndugu na majirani zake waliapa pamoja naye kwamba neno lake ni la kuaminika. Hathumar hakuwa na ndugu hata mmoja pale. Aliyekubali kuapa naye alikuwa Guntram tu, baba yake Rotlind, na kiapo cha jirani mmoja hakikutosha. Basi baraza likaamua kwamba Hathumar atumbukize mkono kwenye chungu cha maji yanayochemka, atoe jiwe lililo ndani. Waliamini kwamba Mungu humponya asiye na hatia: kidonda kikipona vizuri, ameshinda. Kikioza, yeye ndiye mwizi.

Rotlind aliposikia uamuzi huo alishusha pumzi. Kumbe mambo yalikuwa rahisi! Hathumar hakuiba, kwa hiyo Mungu angemlinda na maji yasingemdhuru. Yeye hakuwa na haja ya kusema lolote. Usiku huo alilala fofofo.

Asubuhi ya hukumu, mdogo wake Ado, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alitia mkono kwenye uji wa moto. Alipiga ukelele uliowatoa kuku nje. Mama yao alimnyakua na kuutia mkono wake kwenye maji baridi. Ngozi ilikuwa imeshavimba.

"Mama," Rotlind aliuliza, "Ado amefanya dhambi gani?"

"Dhambi? Huyu? Hata jina lake hajui kulitaja!"

"Basi mbona uji umemchoma?"

"Uji wa moto ni uji wa moto, Rotlind! Kwani una nini wewe leo?"

 Rotlind alikuwa tayari nyuma ya magunia, akiitoa kengele.

Alikimbia mpaka uwanja wa kinu cha kusagia nafaka, ambako watu walikuwa wamekusanyika. Chungu kilikuwa kikitoa mvuke. Hathumar alikuwa amekunja mkono wa nguo yake, akirudi nyuma kuukwepa mvuke.

"Vipi, Msaksoni?" Baldrik alimtania. "Umeanza kuungua hata kabla ya maji?"

Rotlind aling'oa sufu na kuitikisa kengele kwa nguvu zake zote. Watu wote wakageuka.

"Niliiokota mimi," alisema. "Nikaificha mimi. Hathumar hajui chochote."

"Loo!" Baldrik alipaza sauti. "Guntram anamwapia mgeni, kumbe mwizi analala kwake!"

Guntram aliinamisha kichwa kwa aibu. Odilo, mkuu wa baraza, aliamuru chungu kimwagwe. Kisha akatoa uamuzi: Guntram angemlipa Baldrik nguruwe wawili, na Rotlind angewachunga nguruwe wa Baldrik pamoja na wa kwao mpaka theluji ianguke.

"Na wewe, Baldrik, muombe radhi uliyemsingizia."

"Nisamehe," Baldrik alinong'ona, akitazama viatu vyake.

"Hathumar hayuko kwenye viatu vyako," Odilo alisema.

Watu wakaangua kicheko. Baldrik akainua uso, akarudia kwa sauti. Hathumar aliitikia kwa kichwa, akaikunjua nguo aliyoikunja na kuufunika mkono wake mzima.

Njiani kurudi nyumbani, Guntram alitangulia mbele kwa hatua ndefu. Rotlind akashindwa kuvumilia.

"Baba, nilidhani Mungu angemlinda."

"Alikuwa anamlinda, mwanangu. Alimpa shahidi." Guntram alisimama, akamtazama. "Shahidi mwenyewe akaenda kulala."

Rotlind alilia. Baba yake alimngoja amalize, kisha akamshika mkono.

"Leo umeamka, na nimefurahi. Siku nyingine ukiujua ukweli, useme mapema, kabla mtu hajachemshiwa maji."