Sura Ina Mwenyewe

"Awadhi ni nani?"

Zablon alisimama uani kwa kina Dafrosa, kijijini Kwihara, simu ya mchumba wake mkononi. Posa ilishapokelewa, harusi ni baada ya mavuno, na leo huyu mrina asali alikuja kusalimia wakwe tu. Simu ikalia mezani, macho yakamponza.

Dafrosa, aliyekuwa akimenya karanga, alimwambia asome kwa sauti.

"Dafrosa, sura yako ya kwanza imeninyima usingizi. Nitumie mbili zingine leo. Nikizipenda, nakuchukua."

Dafrosa akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sura ya kitabu, Zablon!"

Ndipo akamweleza. Alikuwa ameandika riwaya kimyakimya. Awadhi ni wakala wa waandishi, yuko Dar. Akiupenda mswada, anamtafutia mwandishi mchapishaji. Mawakala wawili walishamkataa, wa tatu hakujibu hata salamu. Huyu ndiye wa kwanza kuomba zaidi. Hakumwambia mtu, maana aliogopa kukataliwa tena huku watu wanajua.

Zablon hakucheka. Alijikuna shingo.

"Nimeshamjibu."

"Umemjibu nini?"

"Nimeandika, sura hiyo ina mwenyewe. Ukome."

Kabla Dafrosa hajafumba mdomo, simu ikalia tena.

"Samahani. Sikujua una wakala mwingine. Najiondoa. Nakutakia heri."

Jamani, kicheko chote kiliisha hapo. Dafrosa alilia kilio cha kweli, akasema huyu ndiye alikuwa tumaini lake la mwisho. Wivu wa Zablon ukageuka aibu, roho ikamuuma. Akaomba aandike yeye. Dafrosa akagoma, akasema atazidi kuharibu. Mwishowe akakubali, ila akasimama nyuma yake akisoma kila neno.

"Shikamoo Bwana Awadhi. Mimi ni Zablon, mchumba wa Dafrosa. Nilidhani unamtamani yeye. Mwenyewe niliyemtaja ni mimi, na mimi najua asali tu, vitabu sijui. Dafrosa hana wakala. Kosa ni langu, usimwadhibu yeye. Nampenda."

Wakaiweka simu katikati yao, wakasubiri. Mama mkwe akaita watu waje kula, hakuna aliyeinuka. Ugali umeshapoa ndipo jibu likaingia.

"Marahaba. Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini. Dafrosa, nasubiri sura mbili. Na huyo mwenye wivu mtie kitabuni."

Dafrosa akajifuta machozi kwa upande wa khanga.

"Yumo tayari."

"Nani, mimi?" Zablon akashtuka. "Nafanya nini humo?"

"Unamwonea mtu wivu bure."

"Na mwisho?"

"Wanaoana."

Zablon akavuta ungo wa karanga, akaanza kumenya yeye, ili Dafrosa apate mikono ya kutuma sura zake.