Gauni Lililopimwa kwa Macho

Jumamosi ile ilianza vizuri, ndugu zangu. Cherehani ilikuwa ikiunguruma chumba cha mbele, Fundi akiwa na pini tatu mdomoni, na binti yake wa miaka kumi na sita amekaa sakafuni akishona vifungo. Kazi hiyo aliianza mdogo sana hata watu wakaacha kumwita kwa jina lake. Alikuwa Kifungo, basi. Mama na mwana walikuwa wakimcheka jirani mmoja. Mlango ukagongwa, na kicheko cha Fundi kikakatika.

Aliyegonga ni Hamira, binti wa mwokaji mikate wa ng'ambo ya reli. Reli hiyo ndiyo iliyougawa mji. Upande huu walikaa weusi, upande ule weupe wenye nywele za singa. Weupe walisema weusi wana mikono mirefu. Weusi walisema ngozi za weupe zinaambukiza. Kila upande ulijiona ndio uliostaarabika. Shule ilikuwa moja kwa sababu mji haukumudu kujenga mbili. Wangemudu wangejenga, msiwe na shaka.

Shuleni humo wasichana hawa wawili waliwekwa dawati moja, wakapatana tangu siku ya kwanza. Jina la Hamira alilitunga Kifungo, maana sauti ya mwenzake ilikuwa ikiumuka kadiri anavyoimba. Mwalimu wa muziki akawachagua waimbe wawili kwenye mashindano, ukumbi wa mji, wamevaa magauni yanayofanana. Mwokaji alikubali shingo upande.

"Utaimba nao mara hii," alimwambia bintiye. "Wakikuaibisha mbele za watu, Jumatatu unahama shule. Utakwenda kukaa kwa shangazi yako."

Hamira alimweleza Kifungo maneno hayo, na Kifungo akakosa raha.

"Shikamoo, mama," Hamira alisema pale mlangoni.

"Marahaba," Fundi alijibu, macho kwenye kitambaa.

"Mama, amekuja kupimwa gauni," Kifungo akasema.

Fundi aliigusa futi iliyoning'inia shingoni mwake, akamtazama yule msichana, akaiachia. "Geuka. Haya, basi. Nimeshaona."

"Lakini hujampima."

"Miaka ishirini nashona, mwanangu. Macho yangu ni futi tosha. Hawa wote ni njiti tu."

Kifungo alijua fika kwamba mama yake hakutaka kumgusa. Hamira naye alijua; alishukuru, akaaga, akaenda zake akiinamisha kichwa. Kifungo aliumia moyoni, lakini alinyamaza.

Magauni yalikamilika wiki moja baadaye, asubuhi ya mashindano yenyewe. Yalikuwa ya bluu, yenye mikanda mipana ya kufunga nyuma. Katika chumba cha kubadilishia nguo, la Kifungo lilimkaa barabara. La Hamira, zipu ilipanda mpaka mbavuni ikagoma. Hamira akajaribu kuimba hivyo hivyo, sauti ikatoka kama ya mtu aliyebanwa mlangoni. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya gauni aijuaye aliyelivaa.

"Zimebaki shule tatu kabla yenu," mwalimu alisema kutoka mlangoni. Nyuma yake alisimama mwokaji, ameiona zipu.

"Nilijua. Wamefanya makusudi," alisema. "Vua gauni, mwanangu, tunaondoka."

"Usinisingizie," Fundi, aliyekuwa pembeni na mkoba wake wa nyuzi, akaja juu. "Mtoto wako amenenepa."

"Kwa wiki moja?"

Kifungo alisita. Msimlaumu, kumkosoa mama mzazi mbele ya watu si mchezo. Lakini aliliona dawati lake la Jumatatu, likiwa na mtu mmoja.

"Mama, hukumpima," alisema. "Ulimkadiria kwa sababu hukutaka kumgusa. Nami nilikuona nikanyamaza. Hamira, nisamehe." Akamgeukia mwokaji. "Baba, kosa ni letu. Lakini usimhamishe, nakuomba. Mimi nitabaki na nani?"

Ulimi wa Fundi ulikuwa mkali, lakini hakuna kitu kilichomtia aibu kuliko nguo mbaya iliyotoka mikononi mwake. Akaivua futi shingoni, akapiga magoti.

"Inua mikono, mwanangu," alimwambia Hamira.

Aliizungusha futi kifuani pa mtoto. Moyo ulikuwa ukidunda chini ya vidole vyake, na ngozi ilikuwa na jasho la mtoto yeyote mwenye hofu. Akasoma namba, akairudia kuisoma.

"Thelathini na mbili," alisema taratibu. "Kama Kifungo. Sawasawa kabisa."

Kipimo hicho alikijua kwa moyo. Angekata magauni mawili ya binti yake mwenyewe, kazi ingekuwa imekwisha.

"Mwalimu, tuwekee hawa wawe wa mwisho. Nyie, nipeni mikanda yote miwili." Akafumua mishono ya ubavuni ya gauni la Hamira, akaanza kulipanua kwa kuunga mikanda kwa mkono: mkanda wa Hamira kushoto, wa Kifungo kulia. "Nawe, baba, shika hizi pini."

"Mimi?"

"Unakanda unga kutwa, pini ndizo zikushinde?"

Mwokaji akakinga kiganja.

Ukumbini weupe walikaa kushoto na weusi kulia, njia ikipita katikati. Wasichana walipofika kwenye sauti ya juu kabisa, Hamira alivuta pumzi mpaka mbavu zikatanuka, na mshono ukashika. Kifungo akampokea kwa chini, na sauti mbili zikawa moja. Jaji alipowataja kuwa wa kwanza, mwokaji ndiye aliyetangulia kusimama. Alipiga makofi pini zikiwa bado kiganjani, akajichoma, akaendelea kupiga. Fundi akasimama wa pili. Baada ya hapo watu wakajaa ile njia ya katikati, hukuweza kujua nani ametoka upande gani.

Jumatatu Hamira alikuwa dawatini. Jumanne baba yake alivuka reli kuja kushonewa aproni. Majirani walichungulia madirishani na kunong'ona. Fundi aliwaachia mlango wazi waone vizuri.

"Inua mikono," alimwambia. "Tumbo hili nalo halipimiki kwa macho."

Funzo

Wenzangu, ubaguzi ni uvivu wa kupima. Tunamtazama mtu kwa mbali, tunamkatia kitambaa kidogo, kisha tunamlaumu kwamba amenenepa. Na anayeona akanyamaza, kama Kifungo siku ile ya kwanza, naye ameshika mkasi. Kabla hujamkadiria mtu wa ng'ambo, msogelee umpime. Huenda kipimo chake ni kile kile cha mwanao.