Breki za Bibi

Hakuna bibi katika mtaa wetu anayenishinda kuendesha baiskeli. Ni kweli, bibi wengine wote hawapandi baiskeli kabisa, lakini ushindi ni ushindi.

Mwanangu wa mwisho ana karakana ya baiskeli nyuma ya nyumba. Siku za mapumziko huwatembeza wageni vilimani na kando ya maziwa, kutwa nzima. Alfajiri ya safari, baiskeli zote hupinduliwa uani magurudumu juu, zikaguliwe moja moja: breki, mnyororo, nati za kiti. Safari hii kazi hiyo alipewa mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na miwili tuliyempachika jina la Kimbunga, kwa sababu hata maji huyanywa akikimbia.

"Leo ukifanya kazi vizuri," mwanangu, yaani baba yake mdogo, alimwambia, "likizo nzima utatangulia mbele ya wageni, uwaonyeshe njia."

Hicho ndicho kitu alichokuwa akikililia tangu mwaka jana. Lakini nilipotoka na chupa ya chai, nilimkuta anang'arisha baiskeli yake mwenyewe, anafunga utepe mwekundu kwenye usukani.

"Umezikagua zote?" baba yake mdogo akauliza.

"Zote, baba mdogo!"

Tukaondoka wanne: mwanangu, Kimbunga, mimi, na mgeni wetu, daktari wa meno aliyetaka kuona mandhari. Na mandhari yalikuwepo, sikatai. Vilima vimepangana kijani kibichi, ziwa la kwanza limetulia chini yake kama sahani iliyooshwa. Wenzangu waliyaona. Mimi niliona magoti yangu tu, maana kiti changu kilikuwa kinazama. Kila nikikanyaga pedali, kinashuka kidogo. Kimbunga anakivuta juu kwa mikono, "Tayari, bibi!" Kabla hatujafika kona inayofuata, magoti yako kidevuni tena.

"Bibi, mbona unaendesha umechuchumaa?" daktari akauliza.

"Ndio mtindo wa mabingwa," nikamjibu, nimeuma meno.

Mara mnyororo wa daktari ukachomoka. Ukarudishwa. Ukachomoka tena. Mwanangu, grisi hadi viwikoni, akaanza kupumua kwa pua kama fahali.

"Kimbunga, hizi baiskeli ulizikagua kweli?"

"Nilizikagua! Barabara ndiyo mbovu."

Maskini barabara, haina mdomo wa kujitetea.

Tukafika juu ya kilima kirefu kuliko vyote. Chini yake ziwa la pili, na kati yetu na ziwa, mteremko mkali. Nikatangulia, nipumzishe miguu. Katikati ya mteremko nikabana breki. Kimya. Nikabana tena, waya ukachomoka na kuning'inia pembeni kama mkia wa panya. Nilipiga ukelele ambao ng'ombe wa upande wa pili wa ziwa waliusikia wakaacha kula. Kisha matete yakanipokea, na tope likanikumbatia mpaka kiunoni.

Mwanangu aliitupa baiskeli yake, akashuka mbio kwa miguu.

"Mama! Umeumia?"

"Niulize kwanza kama bado nina viatu!"

Huko juu, daktari naye akapanda baiskeli. "Nakuja kumsaidia bibi!"

Hapo nikasikia sauti ya Kimbunga, imepasuka kabisa. Alikuwa ameng'ang'ania kiti cha daktari kwa mikono yote miwili.

"Usishuke, daktari! Yako pia haina usalama! Sikuikagua. Sikukagua hata moja!"

Kimbunga alishuka akikokota baiskeli, machozi yakimtiririka. "Bibi, nisamehe. Ningekuua."

"Mimi siuawi na tope, mjukuu wangu. Nivute kwanza, tutalia baadaye."

Mwanangu hakupiga kelele. Aliketi kwenye nyasi, akajifuta mikono.

"Ungeniambia hujazikagua," alisema, "ningekasirika, kisha ningezikagua mwenyewe. Uliposema umezikagua, ulitufumba macho sote. Kazi ambayo haijafanywa, mtu mwingine anaweza kuifanya. Kazi uliyosema umeifanya, nani tena ataigusa? Umechelewa kusema kweli, lakini umeisema wakati bado inaokoa mtu. Hilo nimeliona. Kutangulia mbele ya wageni tutazungumza nikiona ukaguzi wako. Sasa chukua spana."

Zikapinduliwa zote pale pale ufukoni. Kimbunga akakaza, akapaka mafuta, akazungusha kila gurudumu, na baba yake mdogo akarudia nyuma yake nati kwa nati. Daktari alikaa karibu nami. "Bibi, ulipopiga ukelele niliona jino lako la nyuma. Linahitaji kutazamwa." Nikamwambia akitazame kwanza kiti changu.

Jua likainama. Simu ya mwanangu ikalia. Alikuwa mkewe, na sauti ya mke wake haihitaji spika.

"Mko wapi mpaka saa hizi?"

"Tumeshafika, mke wangu! Tunakata kona ya karakana sasa hivi."

Vyura wa ziwa zima wakaitikia.

"Hebu nipe Kimbunga niongee naye."

Mwanangu alimnyoshea mtoto simu, macho yakimwomba kama mbwa aliye mlangoni mwa jikoni. Kimbunga akaitazama simu, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa na shughuli nyingi sana za kukwangua tope.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema. "Tuko ziwa la pili."